Sungura ndani ya nyumba: tumfungulie mlango? (Sehemu ya pili)

Juma lililopita tulishughulika na tumbo la sungura. Leo tutazame makazi yake. Hapa Lubumbashi anayefuga sungura kwa kawaida humweka katika kizimba cha mbao na wavu nyuma ya lupango, yaani kiwanja cha nyumba, kwa kuwa anachotafuta ni kitoweo. Kizimba hicho kilipimwa kwa mnyama wa kuchinjwa baada ya miezi michache. Anayetaka kuishi na sungura miaka minane au kumi hana sababu ya kufuata kipimo hicho. Nadai kwamba hata katika mtaa wa Kamalondo, ambako kaya kadhaa hugawana lupango mmoja, sungura wa namna hiyo aachwe atembee ndani ya nyumba, mradi nyumba itengenezwe kwanza.

Ushahidi uko mwilini mwake. Sungura wa kufugwa si kalulu wa hadithi zetu. Kalulu wa porini huzaliwa na manyoya, macho wazi, na hulala nyasini bila shimo. Huyu wa kufugwa asili yake ni Hispania na Ureno, ambako jamaa zake huzaliwa uchi mashimoni, huishi kwa makundi na huzunguka kila siku katika eneo wanalolijua, hasa alfajiri na jioni. Mnyama wa shimo hasumbuliwi na paa wala kuta. Kinachomtesa ni kukosa nafasi ya kukimbia na pembe ya kujificha. Akikaa siku zote mahali pa kuruka mara mbili tu, mifupa hudhoofu, matumbo huzorota, na wavu humchubua nyayo mpaka vidonda. Tena hatoi jasho. Hupunguza joto kwa masikio, na hewa ikipita digrii 30 huanza kutaabika. Kwa hiyo kizimba kilichoezekwa mabati, katika jua la Oktoba, kinaweza kumuua kabla ya saa za mchana kwisha, ilhali sakafu ya saruji ndani ya kuta za matofali humhifadhi.

Atachafua nyumba, wanasema. Mkojo wa sungura kweli hunuka, ila kwa tabia yake huchagua pembe moja ya kujisaidia. Weka hapo beseni lenye magazeti na nyasi kavu, kwa maana hupenda kula huku akijisaidia, na sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Jambo hili si nadharia: Marekani, Marinell Harriman alitoa kitabu juu ya sungura wa ndani mwaka 1985, na House Rabbit Society, iliyoanzishwa California mwaka 1988, imeufanya utaratibu huu ujulikane mbali. Nyasi zenyewe, kwetu, zikatwe na kukaushwa mvua zinapoisha, kwani Julai hakuna majani mabichi ya kutegemea.

Pingamizi la nyaya ni zito zaidi. Meno yake hayaachi kukua, hivyo lazima atafune, na nyumba zetu zimejaa nyaya sakafuni: za taa za kuchaji, za simu, za kuazima umeme kwa jirani shirika la umeme, SNEL, linapokata. Hapa sibishani. Nyaya zipandishwe ukutani au zipitishwe ndani ya bomba, na zisipopandishwa, sungura asifunguliwe. Vivyo hivyo mbabula, jiko la makaa: msimu wa baridi watu huiingiza ndani, jambo baya kwa mapafu ya binadamu kabla hata hatujamfikia sungura. Familia inayolala, kupika na kukaa katika chumba kimoja isijitwike mzigo huu. Nasema hivyo bila kumdharau mtu. Wenye vyumba viwili wanaweza kumpa kimoja alfajiri na jioni, saa ambazo mwenyewe huwa macho, kisha wamlaze kizimbani usiku, jambo linalomwepusha pia na paka na wezi. Watoto nao wafundishwe kucheza naye sakafuni; akiinuliwa vibaya hupiga teke la nguvu hata akajivunja uti wa mgongo.

Limebaki la uzazi. Mimba huchukua takribani siku 31, na jike anaweza kushika nyingine siku ileile aliyozaa; dume na jike wakiachwa huru pamoja, chumba kitakuwa chao. Jike asiyeondolewa kizazi yuko pia katika hatari kubwa ya saratani ya mji wa mimba akipita miaka minne. Swali la upasuaji lipelekwe kwa daktari wa wanyama. Mji huu una kitivo kizima cha tiba ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kabla ya upasuaji, kila jinsia na zamu yake ya kufunguliwa.