Tusihesabu Vizazi, Tuulize Masafa

Siku hizi si ajabu kumsikia mtu akijigamba kwamba simu yake ni ya kizazi cha tano. Aulizwapo kizazi hicho kinakishinda cha nne kwa lipi, hujibu, "Kwa kasi," kisha hunyamaza. Jawabu hilo ni nusu ya ukweli. Nusu iliyosalia ndiyo inayowahusu hasa walimu na wanafunzi wa shule zilizo mbali na miji.

Simu huzungumza na mnara kwa mawimbi ya redio. Mawimbi hayo hupangwa katika kanda kulingana na masafa yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Megahezi moja ni mitetemo milioni moja. Wimbi la megahezi 700, lenye urefu wa sentimita 43 hivi, hufika mbali na hupenya kuta vizuri. La megahezi 3,500, lisilozidi sentimita 9, huzuiwa upesi na kuta na hata majani ya miti.

Mbona basi makampuni yanaziwania kanda za juu? Ni kwa ajili ya upana. Njia moja ya kizazi cha pili ina upana wa kilohezi 200 tu. Ya tatu, megahezi 5. Ya nne hufika megahezi 20. Na ya tano, penye nafasi, huweza kufika megahezi 100. Barabara ikipanuliwa, magari mengi hupita kwa pamoja. Claude Shannon wa Marekani alilithibitisha jambo hilo kwa hesabu mwaka wa 1948.

Naam, nafasi hiyo tele hupatikana katika kanda za juu, ambazo hazifiki mbali. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kuusambaza mtandao wa aina hiyo Turkana au Tana River kungehitaji minara mingi mno kwa wateja wachache.

Kenya ilipozima matangazo ya televisheni ya analogia mwaka wa 2015, masafa ya megahezi 700 na 800 yalipata nafasi ya kutumiwa na simu. Masafa ni mali ya umma, sawa na mito na misitu. Kwa hivyo, rai yangu ni kwamba kampuni yoyote inayokabidhiwa masafa ya chini ifungwe na sharti la kuzifikia shule za mashambani kwanza, kabla ya kuyatumia kuwaongezea raha wakazi wa mijini.

Nanyi walimu wa fizikia, wapeni wanafunzi zoezi hili: wagawanye kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa masafa ya mnara ulio karibu nao, wapate urefu wa wimbi. Mwanafunzi aliyelielewa zoezi hilo hatababaishwa na matangazo ya biashara. Atauliza: ni masafa gani, yana upana gani, na yanamfikia nani?