Thamani ya saa imo katika kamani yake

Mwaka 1920 Tuzo ya Nobel ya Fizikia ilimwendea mtoto wa fundi saa. Aliitwa Charles Édouard Guillaume, mzaliwa wa Fleurier, mji mdogo wa Uswisi. Tuzo ya mwaka 1921 ikawa ya Albert Einstein, na pengine ndiyo sababu Guillaume hatajwi sana. Hata hivyo, karibu kila anayevaa saa ya kujaza leo amebeba matunda ya kazi yake, na mtu anayetaka kujua saa nzuri imeundwa kwa vitu gani hana pa kuanzia pazuri kuliko hapo.

Wanunuzi wengi huanzia kwingine. Huipima saa kwa uzito, huitazama dhahabu yake, huhesabu visahani vidogo vilivyopangwa usoni. Dhahabu ni pambo. Inaongeza bei, haiongezi ubora wa mwendo hata chembe. Saa ihukumiwe kwa vitu ambavyo mnunuzi haonyeshwi dukani.

Ndani ya saa ya kujaza kuna kamani mbili. Ya kwanza ni utepe mrefu uliokunjwa ndani ya kikopo cha mviringo, nao ndio nguvu yote ya saa. Ukizungusha kifundo cha ubavuni, au ukitembeza mkono ikiwa saa inajijaza yenyewe, kamani hiyo hukaza. Ikianza kulegea, huzungusha magurudumu ya meno yanayosukuma mishale. Ikiachwa bila kizuizi italegea yote mara moja. Kinachoizuia ni gurudumu la mizani, pete ndogo inayokwenda na kurudi kama mtoto kwenye bembea, na kila inapopita huruhusu jino moja tu kuponyoka. Mlio ule wa tik tik ni vipande vya kizuizi vikigongana na meno. Katika saa nyingi za kisasa pete hiyo hupiga mara 28,800 kwa saa, yaani mara 8 kila sekunde. Kwa siku moja ni mapigo 691,200, bila mapumziko, miaka nenda miaka rudi.

Kinachoirudisha pete kila inapokwenda ni kamani ya pili, na hapo ndipo penye utamu wa ufundi huu. Ni utepe uliozungushwa duara juu ya duara, wenye unene wa kama sehemu tatu za mia za milimita. Mholanzi Christiaan Huygens ndiye aliyetangaza matumizi yake mwaka 1675. Kabla ya hapo saa nyingi za mfukoni zilikuwa na mshale mmoja tu, kwa kuwa mwendo wake haukuaminika kiasi cha kuhesabia dakika.

Tatizo lilikuwa joto. Kamani ya chuma cha kawaida ikipata joto hulegea, pete huenda pole pole, na saa huchelewa. Kwa kamani ya feleji na pete ya shaba, kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka huichelewesha saa takriban sekunde 10 kwa siku. Saa iliyorekebishwa vizuri katika baridi ya Uswisi ingepoteza dakika kadhaa kila siku ikiletwa Mombasa. Mafundi walihangaika na jambo hili zaidi ya miaka mia. Walitengeneza pete za metali mbili zilizounganishwa, feleji ndani na shaba nje, zilizokatwa ili zijikunje kwa ndani zikipata joto na kufidia ulegevu wa kamani. Ilikuwa dawa ya akili sana, lakini ya gharama, na haikuponya kabisa.

Guillaume hakuwa hata akitafuta dawa ya saa. Alikuwa Sèvres, karibu na Paris, katika Ofisi ya Kimataifa ya Vipimo na Mizani, akitafuta metali ya bei nafuu ya kutengenezea vipimo vya mita, kwa kuwa vile rasmi vilikuwa vya platini na iridi. Mwaka 1896 akagundua kwamba chuma kikichanganywa na nikeli kwa kiasi cha asilimia 36, mchanganyiko huo karibu hautanuki kabisa kwa joto. Aliuita invari. Baadaye, kwa kuongeza kromi, akapata elinvari, ambayo ulaini wake wa kujipinda haubadiliki joto likipanda au likishuka. Hiyo ndiyo kamani waliyoililia mafundi. Katika miaka ya 1930 mhandisi wa Uswisi Reinhard Straumann akaboresha mchanganyiko huo kwa berili na metali nyingine, ukawa Nivarox, nao unatumika hadi leo. Seiko ya Japani ina aloi yake yenyewe, Spron. Viwanda vingine siku hizi hutumia silikoni, ile inayotengenezewa chipu za kompyuta, kwa kuwa haishikwi na sumaku.

Kuitengeneza kamani hiyo ni kazi ya subira. Waya huvutwa kupitia matundu ya almasi, moja baada ya jingine, kila tundu likiwa dogo kuliko lililotangulia. Kisha hubanwa kati ya roli hadi uwe bapa, hukatwa, huzungushwa pamoja na nyingine, na kuingizwa katika tanuri ili umbo likae. Tofauti ndogo mno ya unene hubadilisha mwendo wa saa kwa dakika nzima kila siku. Ndiyo maana viwanda vinavyoweza kuitengeneza vizuri ni vichache mno, na kampuni nyingi zenye majina makubwa hununua kwa wengine.

Kuhusu yakuti, nitasema kwa ufupi, kwa kuwa wauzaji hulitumia sana neno hilo. Saa ya kujaza iliyokamilika huwa na vito visivyopungua 17, na kazi yake ni kushika ncha za ekseli zisisagike. Si yakuti za kuchimbwa kama zile za Longido au Winza. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka 1902 njia ya kuziotesha kwa moto kutokana na unga wa alumini oksidi, na tangu hapo bei yake ni ndogo sana. Kioo cha yakuti kilichopo usoni mwa saa nacho huoteshwa, na kina faida ya kweli: hakikwaruziki kirahisi. Vito 30 si bora kuliko 17 kwa sababu tu ni vingi.

Mkono wa fundi huonekana kwingine. Ukipata saa yenye mgongo wa kioo, iangalie kwa lenzi. Tazama skrubu za rangi ya buluu. Zile za kweli hazipakwi rangi. Skrubu ya feleji iliyosuguliwa ikang'aa huwekwa juu ya vumbi la shaba katika kisahani, chini yake moto. Hugeuka njano kama majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, na inapokaribia nyuzi 300 hupasuka buluu nzito. Fundi lazima aiondoe papo hapo, maana ikizidi kidogo hupauka na kazi huanza upya. Tazama pia kingo za vipande vya chuma. Pale kingo mbili zilizokatwa mshazari zinapokutana kwa ndani na kufanya pembe kali, mashine haifiki. Ni tupa na jicho la mtu. Katika bonde la Joux, huko Uswisi, wapo wanaosugulia kingo hizo kwa vijiti vya mmea wa jentiani.

Haki isemwe: saa ya betri ya bei ndogo hushinda hizi zote kwa usahihi. Cheti cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa, huiruhusu saa ya kujaza kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku, baada ya kupimwa siku 15 katika mikao 5 na viwango 3 vya joto. Ya betri hupotea sekunde chache kwa wiki. Anayetaka wakati sahihi tu anunue ya betri bila kuona haya. Anayelipia saa ya kujaza analipia kazi ya mikono na elimu ya metali, basi ahakikishe anapewa hivyo.

Ukishainunua, iweke mbali na spika na mikoba yenye vishikizo vya sumaku, kwa sababu mizunguko ya kamani ikishikana saa hukimbia. Usiogelee nayo eti kwa kuwa imeandikwa mita 30. Saa ya kupigia mbizi huanzia mita 100. Na baada ya kila miaka mitano hivi ipeleke kwa fundi atakayeifungua yote, aoshe kila kipande, atie mafuta mapya tone kwa tone, kisha aipime mwendo ikiwa imelala na ikiwa imesimama. Anayefungua mfuniko, akadondosha mafuta juu ya uchafu wa zamani na kufunga, anaisaga saa yako. Ichukue, utafute fundi mwingine.