Tezi Imevimba: Msikisie, Pimeni

Baba na mama wasomaji, pengine siku moja mlipokuwa mkimwogesha mtoto mligusa uvimbe shingoni mwake, chini ya taya. Bibi akasema, "Ni tezi tu, itanywea." Jirani akanong'ona, "Hiyo ni saratani." Yupi msema kweli? Huenda bibi, huenda jirani. Lakini wote wawili wamekisia tu.

Tezi ni kama vituo vya askari mwilini. Ziko shingoni, kwapani, kinenani na hata tumboni. Mtoto akiwa na kidonda kichwani au jino bovu, chembe za ulinzi zilizomo ndani ya tezi huongezeka ili zipigane na adui, na tezi huvimba. Vita ikiisha, uvimbe hunywea. Kifua kikuu nacho huweza kuvimbisha tezi za shingo. Uvimbe wa namna hiyo unahitaji dawa yake, lakini si saratani.

Uko uvimbe mwingine. Chembe moja huharibika, ikaacha kutii. Huzaa bila kukoma, na uzao wake wote hurithi kasoro ile ile. Hiyo ndiyo saratani ya tezi, iitwayo limfoma.

Kwa vidole hatuwezi kutofautisha hizi mbili. Kwa hiyo daktari hukata kipande cha tezi kitazamwe kwa hadubini. Mara nyingi hiyo yatosha. Lakini mara nyingine hata mtaalamu husita, maana chembe zilizo vitani na vijidudu zaweza kufanana na chembe za saratani. Hapo kromosomu huweza kutoa ushahidi.

Kromosomu ni nini? Ni nyuzi ndogo mno zilizomo ndani ya chembe za mwili, zinazobeba urithi tuliopewa na wazazi. Kwa kawaida mtu ana 46, yaani jozi 23. Wataalamu walidhani ni 48, mpaka mwaka 1956 Joe Hin Tjio na Albert Levan walipotangaza hesabu ya kweli, baada ya kazi yao huko Lund, Sweden.

Kwa kipimo hiki kipande cha tezi hupelekwa kibichi, chembe zikiwa hai. Hulelewa katika joto kama la mwili. Zikianza kugawanyika, dawa huzisimamisha katikati, kwa sababu ndipo nyuzi huonekana wazi. Kisha hutandazwa juu ya kioo, hutiwa rangi na kupigwa picha, na nyuzi hupangwa mbili mbili kama viatu. Tezi iliyovimba kwa vijidudu kwa kawaida huonyesha nyuzi zisizo na kasoro. Lakini chembe nyingi zikionyesha kasoro moja ile ile, ni dalili kubwa kwamba zimetoka kwa mzazi mmoja aliyeharibika.

Mfano mmoja uko karibu nasi. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Mwaka 1958 aliandika habari za ugonjwa huo, na leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1972 Georgi Manolov na Yanka Manolova waliona kwamba katika chembe za ugonjwa huo kromosomu ya 14 ina kipande cha ziada. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake wakaonyesha kwamba kipande hicho kimehama kutoka kromosomu ya 8.

Hata hivyo kipimo hiki hakihukumu peke yake. Nyuzi safi si hakika kwamba saratani haipo, na mara nyingine chembe hukataa kukua. Tena hakipatikani kila hospitali. Daktari huweka pamoja hadubini, damu, kromosomu na hali ya mgonjwa. Hataki kumpa dawa kali mtoto asiye na saratani, wala kumchelewesha aliye nayo. Ugonjwa wa Burkitt hukua upesi sana, lakini watoto wengi wanaotibiwa mapema na ipasavyo hupona.

Basi, wazazi, msichome uvimbe kwa moto wala kuuchanja kwa wembe. Tezi ikikaa zaidi ya majuma mawili au matatu, ikizidi kukua, au mtoto akikonda na kutoka jasho usiku, nendeni hospitali. Taya likivimba na meno kulegea, msingoje hata juma moja.

Daktari akitaka kukata kipande, msikatae kwa kuogopa kwamba kisu huamsha saratani. Kisu hicho hutafuta ukweli. Tena siku ya majibu rudini, hata kama uvimbe umepungua. Kipande kilichokatwa hakimsaidii mtoto ambaye wazazi wake hawakurudi kusikia kilichoonekana.