Ukoo wa Mama, Mirathi ya Baba

Ndugu Waislamu, wengi wetu tumezoea kuiona nasaba ikifuata upande wa baba. Lakini kwa Waminangkabau wa Sumatra Magharibi, nchini Indonesia, ambao ni Waislamu, mtoto huingia katika ukoo wa mama yake. Nyumba na mashamba ya asili hupita kwa wanawake, na mjomba ndiye msimamizi wa wapwa zake.

Je, mtoto hurithi nini kwa baba yake? Sheikh Ahmad Khatib, Mminangkabau aliyefundisha Makka na kufariki huko mwaka 1916, alipinga vikali mila ya mali kwenda kwa wapwa na watoto wakaachwa mikono mitupu. Mwaka 1952 maulamaa, wakuu wa koo na wasomi walikutana Bukittinggi, wakaafikiana: mali ya asili ibaki amana ya ukoo mzima, mali ya jasho la mtu igawanywe kwa hukumu za Suratun Nisaa.

Hapa kwetu Waluguru na Wayao nao wana koo za mama. Basi tuzitenganishe mali hizo mbili na kuziandika tungali hai, mayatima wasije wakadhulumiwa matanga hayajaanuliwa.

Wabillahi tawfiq.