Lehemu kidogo, hasara ya usiku mzima ziwani

KATIKATI ya Jiji la Mwanza kuna eneo linaloitwa Makoroboi. Wengi hulijua kwa biashara, lakini jina lake linatokana na koroboi, ile taa ndogo ya mafuta ya taa ambayo mafundi waliitengeneza kwa makopo yaliyokwisha kazi. Mtaji wa fundi ulikuwa mkasi wa bati, jiko la mkaa na kipande cha lehemu, ambayo wengine huiita risasi. Kiungo kikivuja, taa ilirudishwa, na fundi akakosa mteja.

Siku hizi makoroboi yamepungua sana, lakini lehemu ingali kazini. Tofauti ni kwamba sasa haizuii tena mafuta yasivuje. Kazi yake ni kupitisha umeme kutoka kwenye betri hadi kwenye taa za mtumbwi wa dagaa, na kiungo kikiwa kibovu, anayekosa si fundi peke yake. Hukosa tajiri mwenye mtumbwi, wavuvi wake, na mama anayesubiri mwaloni na ndoo zake alfajiri.

Kutoka karabai hadi betri

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku, wakati wa giza. Taa huwashwa juu ya maji, dagaa husogea kwenye mwanga, kisha nyavu huzungushwa. Mbalamwezi inapokuwa kali mwanga wa taa hauwavuti vizuri, hivyo mitumbwi mingi hupumzika. Maana yake ni kwamba mwezi wa mvuvi wa dagaa hauna siku 30. Una zile siku za giza tu.

Kwa miaka mingi taa iliyotumika ilikuwa karabai. Ilitoa mwanga mkubwa, lakini ilikula mafuta ya taa kila usiku, vioo vilipasuka kwa matone ya maji, na utambi wake ulivunjika kwa msukosuko wa mawimbi. Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kupunguza uchakachuaji wa dizeli. Hatua hiyo ililenga wafanyabiashara wa mafuta waliokosa uaminifu, lakini mzigo wake ulifika pia kwa wavuvi wa Ukerewe, Kome na visiwa vingine.

Ndipo taa za LED zinazotumia betri zilipozidi kupata nafasi. Watafiti, wakiwamo wa maabara ya taifa ya Lawrence Berkeley ya Marekani, walizijaribu taa za aina hiyo kwa wavuvi wa usiku nchini Tanzania, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2014. Betri huchajiwa kwa paneli ya jua au kwenye vibanda vya kuchaji, na gharama ya kununua mafuta kila jioni huondoka.

Hata hivyo, mabadiliko hayo yalikuja na jambo ambalo halikuwapo kwenye karabai, nalo ni waya. Palipo na waya pana kiungo, na palipo na kiungo pana fundi.

Hesabu ya kiungo kibovu

Umeme wa betri si kama umeme wa nyumbani. Nyumbani volti ni 230, kwa hiyo hata taa kubwa huvuta ampea chache. Betri ya mtumbwi ina volti 12 tu, na ili itoe nguvu ileile inabidi ipitishe ampea nyingi zaidi. Ampea nyingi zinapokutana na kiungo kibovu, volti hupotea njiani na kiungo hupata moto.

Tuchukue mfano wa mtumbwi wenye taa 3 za wati 12 kila moja, zote zikitegemea betri moja. Jumla ni wati 36, yaani ampea 3. Kama waya umesokotwa kwa mkono na kufungwa kwa tepu bila lehemu, kisha ukalowana na kuota kutu ya kijani, kiungo hicho kinaweza kufikia ukinzani wa nusu ohmu. Ampea 3 zikipita hapo, volti 1.5 hupotea. Taa zilizotakiwa kupata volti 12 zitapata 10.5, na wati 4.5 zitageuka joto kwenye kiungo. Hiyo ni moja ya nane ya umeme uliolipiwa kwenye kibanda cha kuchaji, nao haukumvuta dagaa hata mmoja.

Mvuvi huona dalili tu: taa zinafifia saa nane usiku. Kwa kawaida lawama huenda kwenye betri, na wapo wanaonunua betri mpya wakati ugonjwa uko kwenye waya.

Sasa tuangalie upande wa fedha. Mtumbwi unaotoka usiku 20 kwa mwezi ukirudi mtupu usiku mmoja kwa sababu taa zimezima, umepoteza asilimia 5 ya mauzo ya mwezi. Lakini petroli ya injini imetumika, chakula cha wavuvi kimeliwa, na mkopo wa nyavu haupungui. Kwa hiyo faida hupungua kwa zaidi ya asilimia hiyo 5. Kwa kuwa wavuvi wengi hulipwa kwa mgao baada ya gharama kutolewa, hasara ya kiungo kimoja hugawanywa kwa watu wote waliomo mtumbwini.

Haiishii hapo. Mama mwenye chanja za kuanikia, aliyetanguliza fedha kwa tajiri ili apate mzigo, hana cha kuanika. Gunia ambalo lingefika soko la Mwaloni, Kirumba, ambako hununua hata wafanyabiashara wa nchi jirani, halipo. Yote hayo kwa sababu ya sehemu ya waya isiyozidi urefu wa kidole.

Kiungo kizuri hutengenezwaje

Kulehemu waya si kazi ya siri. Kwanza, betri iondolewe kabisa. Waya mbili za betri zikigusana hutoa cheche na zinaweza kuunguza ngozi au kuwasha petroli iliyomwagika mtumbwini.

Pili, waya umenywe kama sentimita 2 na kukaguliwa. Kama shaba imekuwa nyeusi au ya kijani, ikatwe nyuma hadi ipatikane shaba inayong'aa, kwa sababu lehemu haishiki kwenye kutu. Kabla ya kuunganisha, mpira wa kusinyaa uvishwe kwenye waya mmoja. Fundi anayeusahau hulazimika kubomoa kazi yake na kuanza upya.

Tatu, kila waya upakwe lehemu peke yake kwanza, kisha ndipo ziunganishwe. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanayeyusha lehemu kwenye ncha ya chuma na kuidondosha juu ya waya kama nta. Tone hilo huonekana limeshika, lakini kwa ndani halikuingia kwenye nyuzi za shaba. Mafundi hukiita kiungo baridi. Utaratibu sahihi ni kupasha waya wenyewe, kisha kugusisha lehemu kwenye waya mpaka iyeyuke kwa joto la waya na kunywewa na nyuzi.

Nne, waya usitikiswe mpaka lehemu igande. Lehemu ya kawaida ya bati na risasi ikiganda vizuri hung'aa na hufuata umbo la waya. Ikiwa na chembechembe, imefifia au imejikunja kama kidonge, ipashwe tena. Baada ya kupoa ivutwe kwa mkono, na ikiachia ni afadhali iachie mezani kuliko katikati ya ziwa.

Tano, nguvu ya chuma cha kulehemia ilingane na waya. Chuma cha wati 30 kinachotosha kwenye redio hakitoshi kwenye waya mnene wa betri, kwa sababu shaba nyingi hunyonya joto haraka. Fundi hukaa akisubiri, ganda la plastiki linayeyuka, na kiungo bado ni baridi. Kwa waya wa namna hiyo kinafaa chuma cha wati 60 au zaidi.

Jambo la sita linawahusu hasa mafundi waliotoka kwenye kazi ya bati. Asidi inayotumika kusafishia bati kabla ya kulehemu haifai kwenye waya wa umeme. Hubaki ndani ya nyuzi na kuendelea kuila shaba taratibu, na kiungo kilichopendeza leo hukatika baada ya muda. Kwenye umeme hutumika lehemu yenye utomvu wa msonobari ndani yake.

Aidha, lehemu hufanya waya uwe mgumu, na mtumbwi hautulii. Waya hukatika pale ugumu unapoishia, kwa hiyo ufungwe kwenye mbao kando ya kiungo usichezecheze. Fyuzi iwekwe karibu na betri. Baada ya kazi mikono inawiwe kabla ya kula, kwa kuwa risasi ni sumu, na kazi hiyo isifanyiwe karibu na chanja za dagaa.

Mota ni mtihani mkubwa zaidi

Anayeelewa kiungo cha taa amejiandaa kwa kazi iliyo kubwa zaidi, yaani mota za umeme. Wapenzi wa magari madogo ya kuchezea yanayoongozwa kwa redio walilijua hili zamani. Gari linalobebeka kwa mkono mmoja lina mota inayoweza kuvuta ampea 20 au zaidi, ikipokea umeme kupitia kidhibiti mwendo. Kiungo baridi kati ya vitu hivyo viwili huchemka, gari hukosa nguvu, na mara nyingine kidhibiti huungua.

Mwanza imekwisha kuona mashine za jamii hiyo zikifanya kazi ya maana. Mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ya Wingcopter, katika mradi wa DHL na shirika la Ujerumani la GIZ, ilijaribiwa kupeleka dawa Ukerewe, safari ya kilometa 60 iliyochukua kama dakika 40. Nayo huendeshwa kwa betri na mota. Upande wa Kenya, kampuni ya ASOBO imewapelekea wavuvi wa ziwa hilihili injini za umeme za mitumbwi.

Hesabu ya injini hizo inatisha kidogo. Mota ya wati 3,000 kwenye betri ya volti 48 huvuta ampea zipatazo 62. Kiungo chenye ukinzani wa moja ya mia ya ohmu, ambacho kwenye taa kisingeonekana kabisa, hapo kitatoa joto la wati karibu 40. Hilo ni joto la chuma cha kulehemia chenyewe. Lehemu ya kawaida huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 183, kwa hiyo kiungo kibovu kinaweza kujiyeyusha chenyewe katikati ya safari. Ndiyo maana kwenye waya nene za mota za mitumbwi hutumika vichwa vya shaba vilivyobanwa kwa koleo maalumu na kukazwa kwa nati, badala ya kutegemea lehemu peke yake.

Fundi ajue pia kwamba mota nyingi za kisasa zina waya 3 zinazotoka kwenye kidhibiti. Mota ikizunguka kinyume, kwa mota za kawaida zisizo na waya za ziada za vihisi hubadilishwa waya zozote mbili kati ya hizo 3. Lakini waya mbili za betri zikigeuzwa, kidhibiti kinaweza kuungua papo hapo, na bei yake si ya kuchezea.

Nafasi ya biashara

Kwa mfanyabiashara mdogo, hapa pana kazi. Kibanda cha kuchaji betri kinaweza kuongeza huduma ya kukagua waya, kwani mteja amekwisha kuileta betri mlangoni. Mtaji unaohitajika ni chuma cha kulehemia, lehemu ya umeme, mipira ya kusinyaa, fyuzi na kipima umeme. Kipimo chenyewe ni rahisi: taa zikiwa zimewashwa, volti zipimwe kwenye betri, kisha kwenye taa. Tofauti ikizidi nusu volti, waya au viungo vikaguliwe kabla ya mtu kushauriwa kununua betri nyingine.

Kwa kijana anayetaka kuijua kazi hiyo kwa undani, ufundi umeme hufundishwa katika vyuo vya VETA, kikiwamo cha Mwanza. Fundi wa bati naye hana sababu ya kujiona amepitwa na wakati. Mkono uliozoea lehemu anao tayari, na kinachobaki ni kuiacha asidi na kujifunza volti na ampea.

Kwa tajiri mwenye mtumbwi, wakati mzuri wa ukaguzi ni siku za mbalamwezi, wakati nyavu zinashonwa na mtumbwi unazibwa nyufa. Waya nao ukaguliwe siku hizohizo, kiungo kwa kiungo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mvuvi wa dagaa ufa huo mara nyingi umejificha chini ya tepu nyeusi.