Siri ya kigoda imara imo katika miguu yake

KIGODA, au stuli kama wengi wanavyokiita mitaani, ni kifaa kinachodharauliwa. Hakuna anayekumbuka kukisifu kikiwa kimetulia, lakini kikimwangusha aliyekikalia, lawama humwendea seremala moja kwa moja.

Aghalabu lawama hiyo ni ya haki. Si vigumu kupata kando ya barabara vigoda vyenye miguu iliyosimama wima na kupigiliwa misumari. Hupendeza siku ya kununuliwa, lakini baada ya muda misumari hulegea na kigoda kikaanza kuyumba. Mteja akishaumizwa na kigoda kama hicho, hurudi sokoni kununua cha plastiki, na fundi akapoteza riziki.

Uimara wa kigoda hautokani na unene wa mbao pekee. Unategemea mno mambo mawili katika miguu yake: mguu uinamie nje, na ukonde kadiri unavyoshuka. Yote mawili hayahitaji mbao zaidi, bali vipimo na subira.

Kwa nini mguu uinamie nje

Kitu kilichosimama huanguka pindi uzito wake unapovuka mpaka wa nyayo zake. Mpaka huo ni mistari iliyonyooka inayounganisha unyayo mmoja na mwingine.

Chukua mfano wa kigoda cha miguu mitatu chenye kimo cha sentimita 45, na kikalio cha mviringo chenye upana wa sentimita 32 na unene wa sentimita 4. Upande wa chini wa kikalio, matundu ya miguu yapo sentimita 10 kutoka katikati.

Miguu hiyo ikisimama wima, mpaka wa nyayo huwa sentimita 5 tu kutoka katikati, pale penye nafasi baina ya mguu na mguu. Anayeinamia upande huo kuokota kijiko yumo hatarini kuanguka. Ikiinamishwa nje kwa digrii 15, nyayo husogea hadi sentimita 21 kutoka katikati, na mpaka nao hufika zaidi kidogo ya sentimita 10. Umbali huo umeongezeka maradufu bila kuongeza mguu hata mmoja.

Miguu mitatu ina sifa nyingine: haiyumbi hata kwenye sakafu ya udongo isiyo sawa. Ndiyo sababu chungu huinjikwa juu ya mafiga matatu, na ndiyo sababu viti vya jadi vya wazee wa Kikamba, vilivyochongwa kwa gogo moja na kupambwa kwa nyuzi za shaba, vina miguu mitatu. Miguu minne iliyoinamishwa vivyo hivyo husogeza mpaka hadi karibu sentimita 15, lakini hudai sakafu iliyo sawa.

Kwa nini mguu ukonde

Mtu anapojitingisha kitini, mkazo mkubwa zaidi huwa pale mguu unapoingia kwenye kikalio, na hupungua kuelekea ardhini. Hivyo basi, unene unahitajika juu. Mbao ya ziada huko chini ni uzito usio na kazi.

Jinsi ya kutengeneza

Kazi huanza kwa kuchagua mbao iliyokauka vyema. Mvule hudumu lakini ni ghali. Mkaratusi na grevilea hukuzwa mashambani na hupatikana kwa urahisi zaidi. Marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma iliyotangazwa Februari 2018 ilipandisha bei ya mbao, na kuharibu kipande kimoja kwa haraka ni hasara isiyo ya lazima.

Lililo muhimu kuliko aina ya mti ni nyuzi za mbao. Sharti ziende moja kwa moja kutoka ncha hadi ncha. Zikikatiza mguu kwa mshazari, mguu utavunjika hapo siku moja, hata uwe mnene kiasi gani.

Kata vipande vitatu vya mraba wa sentimita 4, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita 50. Kwenye ncha ya chini chora, katikati kabisa, mraba wa sentimita 2.5. Kila upande utapunguzwa milimita 7.5 kwenye ncha hiyo, na kupungua polepole hadi sufuri karibu na juu.

Bana kipande kwenye jiriwa na upige randa kutoka upande mnene kuelekea mwembamba, kwani ukienda kinyume nyuzi huchanika. Anza kwa mipigo mifupi karibu na unyayo, kisha uirefushe kidogo kidogo hadi kuufikia mstari. Maliza pande mbili zinazokabiliana, uchore upya, ndipo ugeukie mbili zilizosalia.

Ili kupata pande nane, gawa kila upande katika sehemu 24, kisha uweke alama kwa mpangilio wa 7, 10 na 7. Juu, penye sentimita 4, hizo ni takriban milimita 12, 16 na 12. Chini ni milimita 7, 11 na 7. Unganisha alama za juu na za chini kwa mistari, kisha uondoe pembe kwa randa. Mguu waweza kuachwa na pande nane au kulainishwa kwa msasa uwe wa duara. Mwisho, chonga ncha ya juu iwe ulimi wa duara wenye upana wa milimita 25.

Matundu yasiyokosea

Geuza kikalio juu chini na uchore duara la sentimita 10 kutoka katikati. Bila kubadilisha upana wa bikari, pima kulizunguka duara hilo. Utapata alama sita. Ruka moja moja, na zitabaki tatu zilizoachana sawasawa. Chora mstari kutoka katikati kupitia kila alama.

Kwa mwinamo, kata kadibodi iwe pembetatu yenye pembe mraba: sentimita 15 za kwenda juu kwa 4 za kwenda kando. Hizo ni takriban digrii 15. Isimamishe kando ya mstari na uifuate unapotoboa, kichwa cha keekee kikiinamia nje na ncha yake ikielekea katikati.

Paka gundi na uingize ulimi hadi utokeze juu ya kikalio. Upasue kwa msumeno na upigilie kabari ya mbao ngumu. Kabari hiyo ikatize nyuzi za kikalio. Ikiwekwa sambamba nazo itakipasua.

Gundi ikishakauka, simamisha kigoda mahali palipo sawa, na utie vibao chini ya miguu hadi pimamaji lioneshe kuwa kikalio kimelala sawa. Laza penseli juu ya kibao chenye unene unaotosha kukifikisha kigoda kwenye kimo cha sentimita 45, uzungushe alama kwenye kila mguu, kisha ukate. Kwa njia hii kila unyayo utalala bapa sakafuni. Punguza ukali wa kingo zake ili zisichanike kigoda kinapoburutwa.

Mnunuzi naye si lazima awe fundi ili atambue kazi njema. Akiinue kigoda na kukitazama kwa chini: je, nyuzi za mguu zimenyooka? Je, nyayo zimevuka ukingo wa kikalio? Je, mguu umeshikwa kwa ulimi na kabari, au kwa msumari? Majibu ya maswali hayo matatu humwambia mengi kuliko vanishi inayong'aa.