Fahamu: Je, dharura inakuruhusu kuvuka 50?

Mjamzito yuko kiti cha nyuma, uchungu umemzidi, na mbele trafiki ameshika tochi ya kupimia mwendo. Je, sheria itakuelewa?

Nchini Tanzania, kikomo cha mwendo kwenye maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Sheria ya Usalama Barabarani inayalegezea masharti magari ya wagonjwa, zimamoto na polisi yakiwa kazini. Gari lako binafsi halimo, hata likibeba mgonjwa mahututi.

Unaokoa muda gani? Kilomita 10 kwa mwendo wa 50 ni dakika 12. Kwa 80 ni dakika saba na nusu. Lakini ukifunga breki ukiwa kwenye 80, gari husimama baada ya umbali unaozidi mara mbili ule wa 50.

Trafiki afanyeje? Kwanza achungulie ndani. Akimkuta mgonjwa, aruhusu safari au asindikize kwa king'ora. Namba ya gari anayo. Faini ya shilingi 30,000 inaweza kusubiri. Dereva naye asikaidi kusimama: ashushe kioo, ataje hospitali anayokwenda.

Kwa dharura ya uzazi, piga 115 bure. Mfumo wa m-mama hutuma ambulensi, au dereva wa jamii aliyesajiliwa pale isipopatikana.